Kandt, mwandishi wa safari aliyeanzisha Kigali
Mfanyabiashara anayeshusha mzigo Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge, yumo katika mji ulioanzishwa na mwandishi wa kitabu cha safari.

Richard Kandt, daktari Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1867, aliingia Rwanda mwaka 1898 akitafuta chanzo cha Mto Nile, akafika mto Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Safari hiyo aliisimulia katika Caput Nili, kitabu kilichotoka mwaka 1904.

Mwaka 1907, akiwa mwakilishi wa utawala wa Ujerumani, alianzisha Kigali katikati ya nchi, mbali na Nyanza alikokaa Mwami Musinga. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi wakafuata.

Alikwenda kwao likizoni, Vita Kuu ya Kwanza ikamzuia kurudi. Alifariki Nuremberg mwaka 1918. Utawala aliouwakilisha ulikwisha, biashara imebaki.