John Law: Mtoro wa gereza aliyewauzia Wafaransa hisa za Mississippi

AGOSTI mwaka 1717, wakazi wa Paris walitangaziwa biashara ambayo kwa wengi wao ilikuwa ngeni kabisa. Kampuni mpya, iliyopewa jina la Kampuni ya Magharibi, ilikuwa ikiuza hisa 200,000 kwa yeyote aliyezitaka, awe mtukufu au mwenye duka, mwenyeji au mgeni, kwa bei ya livre 500 kila moja. Mali yake kubwa ilikuwa bonde la mto Mississippi, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, nchi ambayo karibu wote walioombwa kutoa fedha zao hawajapata kuiona.

Aliyebuni mpango huo hakuwa Mfaransa. Alikuwa Mskoti mrefu, mtanashati, hodari wa hesabu na wa kamari, ambaye miaka 22 kabla ya hapo alitoroka gerezani mjini London baada ya kuhukumiwa kifo. Jina lake ni John Law.

Law alizaliwa mwaka 1671 mjini Edinburgh. Baba yake, William Law, alikuwa sonara, na kama masonara wengi wa zama hizo alikuwa pia akitunza fedha za watu na kukopesha kwa riba. Alifariki dunia mwaka 1683, muda mfupi baada ya kununua shamba na kasri la Lauriston nje ya mji, akimwachia mwanawe urithi wa kutosha kuishi kwa raha. Kijana alihamia London na sehemu kubwa ya urithi huo ikaishia katika meza za kamari. Lakini hakuwa mcheza kamari wa kubahatisha tu. Aliketi akipiga hesabu za uwezekano wa kushinda na kushindwa, na kipaji hicho ndicho kilichomlisha kwa miaka mingi baadaye.

Aprili 9, mwaka 1694, katika uwanja wa Bloomsbury, Law alimuua kwa upanga kijana aliyeitwa Edward Wilson, maarufu London kwa mavazi na anasa zake. Mahakama ilimhukumu kifo. Mfalme alimwondolea adhabu ya kunyongwa, lakini ndugu wa marehemu walikata rufaa na Law akabaki kifungoni. Mwanzoni mwa mwaka 1695 alitoroka na kuvuka bahari.

Miaka iliyofuata aliishi kwa kuhamahama, Uholanzi, Italia na Ufaransa, mwenzake akiwa Katherine Knollys, mwanamke wa Kiingereza aliyezaa naye watoto wawili ingawa hawakufunga ndoa. Amsterdam ndiko alikopata somo lake kubwa. Huko aliona benki ya mji ikitunza fedha za wafanyabiashara, na akaona hisa za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyouzwa kwa umma tangu mwaka 1602, zikibadilishana mikono kila siku kama bidhaa nyingine sokoni. Law alifikia imani kwamba nchi hudumaa kwa sababu ya uhaba wa fedha katika mzunguko, na kwamba si lazima fedha hiyo iwe dhahabu au shaba. Karatasi inatosha, ikiwa watu wanaiamini.

Mwaka 1705 alichapisha kitabu mjini Edinburgh akilishawishi Bunge la Uskoti kuanzisha benki itakayotoa noti kwa dhamana ya ardhi. Bunge lilikataa. Uskoti ilipokuwa ikielekea kuungana na Uingereza mwaka 1707, mtoro huyu wa London hakuwa na sababu ya kusubiri.

Bahati yake ilifunguka kwa kifo cha mtu mwingine. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifariki Septemba 1715 baada ya kutawala miaka 72, akiacha mrithi wa miaka mitano na deni la takriban livre bilioni 2 lililotokana na vita visivyokwisha. Madaraka yalishikwa na Philippe, Mtawala wa Orleans, kwa niaba ya mfalme mtoto. Philippe alimfahamu Law na alikuwa tayari kujaribu chochote.

Mei 1716 Law aliruhusiwa kufungua benki binafsi yenye mtaji wa livre milioni 6, uliogawanywa katika hisa 1,200. Noti zake zililipwa papo kwa papo kwa sarafu, na mwaka uliofuata Serikali iliagiza zipokelewe katika malipo ya kodi. Benki hiyo ilifanya kazi nzuri; hata wapinzani wake walikiri kuwa biashara ilianza kupumua. Kama Law angeishia hapo, pengine leo angekumbukwa kama mrekebishaji mwenye busara. Hakuishia hapo.

Uuzaji wa hisa za Agosti 1717 ulikuwa na hila ndani yake, na inafaa ieleweke vizuri kwa kuwa yote yaliyofuata yalitoka hapo. Mnunuzi hakutakiwa kulipa sarafu. Alitakiwa kulipa kwa hati za deni la Serikali, karatasi ambazo hazina ya mfalme ilizitoa kwa wadai wake na ambazo mitaani ziliuzwa kwa chini ya nusu ya thamani iliyoandikwa juu yake. Kampuni ilizipokea kwa thamani kamili. Mwenye hati mbovu za livre 500 alitoka na hisa moja, na Serikali ikabadilisha mlima wa madeni ya haraka kuwa deni moja kwa kampuni, ikiahidi kulipa riba ya asilimia 4. Kwa mtaji wa livre milioni 100, hiyo ilikuwa livre milioni 4 kwa mwaka.

Hizo milioni 4 ndizo zilizokuwa fedha halisi za kuendeshea kampuni. Meli, maghala, mbegu, mishahara, yote yalitegemea fungu hilo. Kampuni ilizaliwa na mtaji mnono katika vitabu na mfuko mwepesi mkononi.

Umma haukukurupuka. Kwa zaidi ya mwaka mmoja hisa hizo ziliuzwa sokoni chini ya livre 500, na Wafaransa wengi waliitazama Mississippi kwa mashaka, wala hawakukosea. Kampuni ilipewa haki ya biashara ya Louisiana kwa miaka 25, ikiwa na wajibu wa kupeleka huko walowezi 6,000 na watumwa Waafrika 3,000. Mwaka 1718 ulianzishwa mji wa New Orleans, uliopewa jina kwa heshima ya Philippe. Walowezi wa hiari walipokosekana, askari walikamata wazururaji, wafungwa, makahaba na hata vijana wasio na hatia mitaani na kuwapakia melini, hadi wananchi wa Paris walipofanya ghasia mwaka 1720. Waafrika wa kwanza walioletwa kwa meli za kampuni walifika mwaka 1719. Hao hakuna aliyewafanyia ghasia. Joto, njaa na homa viliwaua wengi wa pande zote.

Kilichogeuza mambo ni kasi ya Law mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1718 benki yake ilifanywa mali ya mfalme, na kuanzia hapo kiasi cha noti kiliamuliwa na Serikali. Mei 1719 kampuni ilimeza kampuni za Ufaransa zilizofanya biashara na India na China, ikaitwa Kampuni ya India. Zikatolewa hisa mpya 50,000 kwa livre 550, zilipwe kidogo kidogo kwa miezi 20. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kununua hisa moja mpya bila kuonyesha nne za zamani. Hisa za zamani, zilizodharauliwa jana, zikaanza kutafutwa kwa udi na uvumba. Julai kampuni ikapewa haki ya kutengeneza sarafu za nchi, ikatoa hisa nyingine 50,000 kwa livre 1,000. Safari hii mnunuzi alitakiwa awe na nne za awamu ya kwanza na moja ya pili. Watu wa Paris waliziita hisa hizo mama, binti na mjukuu.

Agosti ikawa zamu ya kodi. Kampuni ilichukua haki ya kukusanya kodi zisizo za moja kwa moja za Ufaransa na ikakubali kumkopesha mfalme livre bilioni 1.2, ili alipe wadai wake wote wa zamani. Ili kupata fedha hizo zilitolewa zaidi ya hisa 300,000 kwa livre 5,000 kila moja, kwa malipo ya awamu 10. Wadai waliolipwa walijikuta na noti nyingi na mahali pamoja tu pa kuziweka. Benki nayo ilikopesha noti kwa dhamana ya hisa, ili mkopaji akanunue hisa. Kufikia Desemba 1719 bei ilikuwa karibu livre 10,000.

Soko lilikuwa katika mtaa wa Quincampoix, kichochoro ambacho mpaka leo kinapitika Paris. Ilibidi yawekwe mageti na walinzi kwenye ncha zake mbili. Makabaila waliingia upande mmoja na watu wa kawaida upande mwingine, wakakutana katikati wakisukumana. Nyumba zilipangishwa chumba kwa chumba kwa kodi ya ajabu, na husimuliwa habari za mtu mwenye kibyongo aliyejipatia utajiri kwa kukodisha mgongo wake kama meza ya kutia saini. Neno milionea lilienea nyakati hizo, kwa sababu ghafla lilihitajika. Wapo waliouza mapema. Richard Cantillon, mfanyabiashara wa benki kutoka Ireland, alichukua faida yake na kuondoka, akiamini kuwa jengo halina msingi.

Law alibadili dini akawa Mkatoliki, na Januari 5, mwaka 1720 akateuliwa kuwa mkuu wa fedha za Ufaransa nzima.  Karibu mali yake yote aliigeuza kuwa majumba na mashamba ya Ufaransa. Kwa jambo hilo anastahili kutendewa haki: tapeli huficha fedha nje ya mpaka, yeye hakuficha.

Tatizo lilikuwa kwamba mkono uliouza hisa ndio huo huo uliochapa noti. Wenye hisa walipotaka kugeuza faida yao kuwa dhahabu, dhahabu haikutosha. Law akatumia amri. Februari 1720 ilipigwa marufuku mtu kumiliki sarafu zaidi ya livre 500. Machi akaahidi kuwa benki itanunua kila hisa kwa livre 9,000, na noti zikachapwa mfululizo hadi kupita thamani ya livre bilioni 2. Bei za vyakula zikapanda. Mei 21 likatoka tangazo lililokiri yasiyosemeka: thamani ya hisa ingepunguzwa hatua kwa hatua hadi livre 5,000 na ya noti hadi nusu. Ghadhabu ilikuwa kubwa kiasi kwamba amri ilifutwa baada ya siku chache, Law akaondolewa na kisha kurudishwa, lakini imani haikurudi pamoja naye.

Usiku wa kuamkia Julai 17, maelfu walijipanga nje ya benki kubadilisha noti ndogo ili wapate fedha ya kununulia mkate. Kulipopambazuka zaidi ya watu 10 walikuwa wamekufa kwa kukanyagwa. Umati ulibeba maiti hadi kwenye makazi ya Philippe, na gari la Law likavunjwavunjwa. Mwezi huo huo tauni ilizuka Marseilles na kukwamisha biashara ya bandari hiyo. Kufikia Novemba noti hazikuwa tena fedha halali. Desemba 1720 Law alivuka mpaka kuelekea Brussels, akiwaacha Katherine na binti yao nyuma. Mali zake zilitaifishwa, na ndugu yake William akatiwa ndani.

Katika uhakiki uliofuata, zaidi ya watu 500,000 waliwasilisha hati zao wakidai walau sehemu ya walichopoteza. Walikuwamo watumishi wa ndani, wajane na mapadri wa vijijini, pamoja na makabaila. Benki ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1800 tu.

Kampuni yenyewe ilinusurika na kufanya biashara hadi mwaka 1769. Kuanzia mwaka 1721 iliendesha kisiwa cha Mauritius, na mashamba yake yalihitaji watumwa kutoka Madagascar na Msumbiji. Njia hiyo ilipanuka kuelekea kaskazini baada ya kampuni kuondoka: mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa kila mwaka. Hivyo pwani ya Afrika Mashariki nayo ilionja, kwa uchungu wake, biashara iliyojengwa juu ya misingi ya kampuni hiyo.

Law alirudi London mwaka 1721 akiwa amesamehewa kesi ya Wilson, akingoja wito wa Philippe. Wito haukuja, Philippe alifariki Desemba 1723. Miaka ya mwisho aliishi Venice, akicheza kamari kwa kiasi na kukusanya michoro ya wasanii wakubwa. Mwanafalsafa Montesquieu alimtembelea mwaka 1728 na kumkuta bado amejaa mipango, akiutetea mfumo wake. Alifariki kwa homa ya mapafu Machi 21, mwaka 1729, miaka 57 baada ya kuzaliwa, akiwa ameandika hati ya kumwachia Katherine alichokuwa nacho, kwa kuwa sheria haikumtambua kama mjane.

Mwaka 1808, Venice ilipokuwa chini ya Napoleon, jenerali Jacques Lauriston, mjukuu wa yule ndugu aliyefungwa, aliagiza mifupa ya Law ihamishiwe kanisa la San Moisè. Jiwe la kaburi lake liko sakafuni karibu na mlango.