Mobutu na nyumba zake

Ukipita leo katika kartie Golf, nyumba mpya zinapanda kila mwezi, na zote zinafanana: ukuta mweupe, paa bapa isiyoonekana toka barabarani, vioo toka chini mpaka juu, plafo ya gipsi yenye taa zimefichwa ndani, karo zinangaa sawa maji. Mwenye lupango akikutembeza, anataja kwanza fasi vitu vilitoka. Karo China, milango Uturuki, marumaru Italia. Sisi watu wa sindika tukisikia hivyo tunakumbuka mzee mmoja aliyewatangulia wote kwa mambo hayo. Ni Mobutu.

Alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake alikuwa mpishi wa wazungu na alikufa mwaka 1938, mama Yemo akabaki na mzigo wa watoto. Kijana aliingia jeshi mwaka 1950, kisha akaandika katika magazeti ya Léopoldville, kisha akarudi jeshini na vyeo vikubwa, na tarehe 24 Novemba 1965 akachukua inchi. Siasa yake wazee wetu wanaijua, hatutairudilia. Tunataka kusema juu ya nyumba tu.

Mwanzo wa mwaka 1967 serikali yake ilinyanganya mali ya Union Minière, na kampuni hiyo njo ikakuwa Gécamines. Tangu siku ile mukuba wetu ulikuwa mfuko wa serikali. Sisi tulichimba na kuyeyusha, SOZACOM ikauza, na franga ikapitia Kinshasa. Wakati uleule alitufundisha kuwa bantu wa kweli wa Afrika: inchi ikaitwa Zaïre, Katanga ikaitwa Shaba, majina ya ubatizo yakakatazwa, na kravate ikatoka shingoni, abakosti ikaingia.

Sasa angalia nyumba aliyojijengea. Gbadolite, kijiji cha wazazi wake, iko karibu kilometa 1,900 toka Lubumbashi, huko kaskazini kando ya Ubangi. Ilikuwa vijumba vya udongo na pori. Miaka ya 1970 na 1980 ilipata barabara za lami, benki, hoteli, na uwanja wa ndege wenye njia ya zaidi ya kilometa 3, ili Concorde aliyoikodi kwa Wafaransa iweze kutua. Alijenga nyumba moja mjini, ingine juu ya kilima cha Kawele, na kando kidogo kukawa kijiji cha mtindo wa Wachina, na paa zake zimepinda juu. Mmoja wa mafundi wakubwa waliochora alikuwa Olivier-Clément Cacoub, mzaliwa wa Tunis, yule aliyemufanyia kazi Bourguiba na Houphouët-Boigny. Marumaru ilitoka Carrara, taa za kuninginia na viti ni vya mtindo wa wafalme wa Bulaya. Mwenye kukataza kravate alilala ndani ya Ufaransa ya Louis XIV! Hata leo tunapofikiri hilo tunacheka, lakini kicheko hakifiki mbali.

Sababu wakati marumaru ilipanda ndege kwenda Kawele, machini yetu ya Kolwezi na Likasi haikupata vipande vya kubadilisha. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za mukuba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Mwaka 1994 kampuni nzima haikufikisha tani 50,000. Kambi za wafanyakazi, zile nyumba za matafari ambazo Union Minière ilianza kujenga kusudi bantu wasikimbie kazi, zikabaki bila rangi na manjanja yakaoza. Si kwamba wabeleji walitupenda, walifanya hesabu. Lakini hesabu yao ilimupa mchimbaji mlango na barza ya kukaa jioni.

Tarehe 9 Aprili 1997 askari wa Kabila waliingia Lubumbashi. Katikati ya Mei Mobutu alitoroka Kinshasa akaenda Gbadolite, na alipopanda ndege toka kule askari wake mwenyewe waliipiga risasi. Alifika Togo, kisha Morocco, mgonjwa wa saratani, na alifia Rabat tarehe 7 Septemba 1997. Waporaji waliingia Kawele, wakabeba kila kilichobebeka. Leo pori limerudi ndani ya vyumba, na visima vya kuogelea havina maji.

Hatusemi mwenye nyumba ya Golf ni Mobutu. Wengi walitoka jasho. Lakini vioo vile mwezi wa Oktoba vinafanya nyumba kuwa jiko, kilimatizeri inataka moto wa SNEL, moto ukikatika jenereta inalia usiku mzima; nyumba za zamani zilikuwa na barza na plafo ya juu, na upepo ulipita bure. Na masoni anayebandika karo zile, mara mingi hana kontra. Sheria ya kazi inamudai mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ao franga ya nyumba. Tukikaa mezani na wakubwa wa migodi, fungu hilo njo linalopitwa haraka zaidi. Mwezi huu tumeliweka la kwanza kwenye karatasi.

Mobutu mwenyewe hakurudi. Amezikwa katika makaburi ya wakristo ya Rabat, na mke wake wa kwanza, mama Marie-Antoinette, alibaki Gbadolite, chini ya kanisa alilojengewa na mume wake.