Wasifu wa Toni Sailer

Toni Sailer alizaliwa tarehe 17 Novemba 1935 katika mji wa Kitzbühel, nchini Austria. Huko milima hufunikwa na theluji wakati wa baridi, na watoto hufungiwa vibao virefu miguuni wakaanza kuteleza wakiwa bado wadogo mno. Sailer alisomea ufundi wa bati na vioo, lakini jina lake lilijengwa mlimani.

Mtahiniwa ambaye hajawahi kuona mbio hizi na aelewe jambo moja: mara nyingi mshindi humwacha wa pili kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Basi mwaka wa 1956, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mjini Cortina d'Ampezzo, Italia, kijana huyu wa miaka 20 alishinda slalomu kubwa, ambayo mkimbiaji huteremka akipinda kati ya vigingi, kwa tofauti ya sekunde 6.2. Siku mbili baadaye akashinda slalomu ya kawaida kwa sekunde 4. Zikabaki mbio za mteremko, zenye kasi kuliko zote. Muda mfupi kabla ya zamu yake, ukanda wa kufungia kiatu kwenye kibao ulikatika, naye hakuwa na wa akiba. Hansl Senger, kocha wa timu ya Italia, yaani ya wapinzani, alifungua ukanda wa vibao vyake mwenyewe akampa. Sailer akashinda kwa sekunde 3.5. Kabla yake hakuna aliyewahi kunyakua dhahabu zote tatu katika Olimpiki moja.

Sifa zake zilivuka mipaka ya michezo. Watengenezaji wa filamu walimtafuta, akaigiza. Akarekodi na nyimbo. Mwaka wa 1958, katika mashindano ya dunia huko Bad Gastein, aliongeza dhahabu tatu na fedha moja.

Umaarufu huohuo ndio uliomponza. Siku hizo Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa tu, na aliyechuma pesa kwa jina alilolipata michezoni alihesabiwa kuwa amevunja kanuni. Filamu zikamtia mashakani, na mwaka wa 1959 akastaafu akiwa na miaka 23, bila kushindwa na mpinzani yeyote aliyemlazimisha kuondoka. Olimpiki ya 1960 ilifanyika bila yeye. Kwa kweli kanuni hiyo ilikuwa kali kupita kiasi: ilimtaka bingwa awafurahishe maelfu ya watu, kisha arudi kwenye bati lake.

Sailer aliendelea kuigiza, hata nchini Japani. Kati ya 1972 na 1976 aliwaongoza wakimbiaji wa timu ya taifa ya Austria. Kuanzia 1986 hadi 2006 alisimamia mbio maarufu za Hahnenkamm, zinazofanyika Kitzbühel kwao. Alifariki tarehe 24 Agosti 2009 mjini Innsbruck, akiwa na umri wa miaka 73.