Joe Davis: Mfalme wa snuka aliyetamba na fimbo ya shilingi saba na nusu

Kijana wa Garsen, nakuona. Boda umeiegesha kando ya stendi, maembe yameuzika vizuri msimu huu, na mfukoni una hela ulizotenga kwa jambo moja tu: kumiliki fimbo yako mwenyewe ya puli, uachane na zile za klabu zilizopinda kama upinde wa mawindo. Kuna jamaa amekuja na fimbo ya mtumba. Kitako kina maandishi ya dhahabu, na anaapa ndiyo wanayotumia mabingwa. Bei haipungui hata shilingi.

Ngoja kidogo. Kabla hujatoa pesa, hebu nikusimulie maisha ya Mwingereza mmoja.

Joe Davis alizaliwa Aprili 15, 1901, katika kijiji cha Whitwell, Derbyshire, pande za machimbo ya makaa ya mawe. Babake alikuwa mchimba makaa kabla ya kugeukia kazi ya kuendesha baa. Hapo ndipo nyota ya Joe ilipowaka, maana hoteli waliyohamia karibu na Chesterfield ilikuwa na meza ya biliadi. Mtoto wa mwenye baa, meza bure! Wewe unalipia kila gemu, yeye alicheza mpaka mkono ukachoka. Akiwa na miaka 13 tu, alikuwa bingwa wa biliadi wa Chesterfield na vitongoji vyake. Alipofika 18 akawa mchezaji wa kulipwa.

Lakini Joe alikuwa na kasoro ambayo ingemkatisha tamaa mwingine: jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu. Wachezaji wengi hupitisha fimbo katikati ya kidevu. Yeye aliisogeza upande wa kushoto, chini ya lile jicho zima. Ungemwona mara ya kwanza ungedhani hajafunzwa. Alichofanya ni kuupanga mchezo wote kufuata mwili aliopewa.

Na fimbo je? Ile aliyotumia kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji ilinunuliwa miaka ya 1920 kwa shilingi saba na peni sita, yaani saba unusu. Huku kwetu shilingi ya Afrika Mashariki ilianza miaka hiyohiyo, ikiwa na thamani sawa na ya Uingereza, kwa hivyo hata babu yako wa wakati huo angeielewa bei hiyo. Joe aliizoea ile fimbo, uzito wake, jinsi inavyoitikia mkononi, na hakuona sababu ya kuitupa hata alipokuwa maarufu na angeweza kununua yoyote aliyotaka.

Basi rudi kwa yule jamaa wa stendi. Sahau dhahabu. Shika kitako, funga jicho moja, tazama fimbo kwa urefu wake huku ukiizungusha polepole. Kuibingirisha mezani kunasaidia pia, ila kunaweza kukudanganya, kwa sababu fimbo ni nene huku na nyembamba kule. Ikiwa imepinda, achana nayo, dawa yake ni ngumu kupatikana. Gonga kitako sakafuni taratibu usikilize: ikitoa mlio wa kutetema, huenda kiungo kimelegea au mbao ina ufa. Ifungue pale inapoungana ukague nyuzi za skrubu.

Ile ngozi ya nchani ikiwa imelika, usiogope, hubadilishwa kwa pesa kidogo. Tena tumia hiyo kuteremsha bei! Unene wa ncha ndio wa kuangalia: kwa mipira midogo ya meza zetu, milimita 9 au 10 inatosha, ile nene ya Kimarekani ya 13 itakusumbua. Uzito wa gramu kati ya 480 na 540 ni wa kawaida, ila mizani halisi ni mkono wako. Omba upige mipira kumi, si mmoja. Muuzaji akikataa, jua kuna jambo.

Ukishanunua, usiiache juani juu ya boda wala usiiegemeze ukutani wiki nzima. Joto letu na unyevu wa delta vinapinda mbao.

Joe sasa. Mwaka 1927, akishirikiana na mwenye kumbi za biliadi aitwaye Bill Camkin, alifanikisha mashindano ya kwanza ya dunia ya snuka. Wakati huo wakubwa wa biliadi waliuona snuka kama mchezo wa kupotezea muda. Fainali ilichezwa Birmingham, Joe akamshinda Tom Dennis 20 kwa 11. Zawadi yake ilikuwa pauni 6 na shilingi 10, ati bingwa wa dunia! Akalishikilia taji hilo mpaka 1946, mara 15, vita vikiwa vimesimamisha mashindano miaka kadhaa katikati. Kisha akajiondoa katika mashindano hayo bila kushindwa hata mara moja.

Januari 22, 1955, akiwa na miaka 53, alicheza London dhidi ya Willie Smith na kufikisha pointi 147. Yaani mipira myekundu yote 15, kila mmoja ukifuatwa na mweusi, halafu rangi zote sita, bila kukosa. Wenye mamlaka wakakataa kuitambua kwa sababu ya kanuni zilizotumika siku hiyo. Alisubiri mpaka 1957 ndipo wakakubali.

Mdogo wake, Fred, ndiye pekee aliyewahi kumshinda bila kupewa pointi za kuanzia. Mwaka 1978 Fred, akiwa na miaka 64, alifika nusu fainali ya dunia jijini Sheffield dhidi ya Perrie Mans. Joe alikuwa ameketi miongoni mwa watazamaji, akimtazama mdogo wake akihangaika, na hapo akazidiwa. Alifanyiwa upasuaji, lakini alifariki Julai 10 mwaka huo.

Yule jamaa bado yuko stendi? Mwambie mwende wote klabu, mkaijaribu.