Liti: Mwanamke wa nyuki aliyewatikisa Wajerumani Singida

JINA la Liti husikika Singida kila timu mbili zinaposhuka dimbani, kwani uwanja wa soka wa mji huo, uliojulikana kwa miaka mingi kama Namfua, sasa unaitwa Uwanja wa Liti. Hata hivyo, si kila anayekaa jukwaani anamjua mwenye jina hilo.

Liti Kidanka, ambaye katika baadhi ya maandishi jina lake huandikwa Leti, alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyeishi wakati Wajerumani walipokuwa wakieneza utawala wao katika nyanda za kati za Tanganyika. Wazee wa kwao walimsimulia kama mganga na mwonaji aliyepambana na askari wa mkoloni kwa silaha moja tu: nyuki.

Wanyaturu wa zama hizo walikuwa wakulima na wafugaji wasiokuwa na mfalme mmoja. Kila ukoo ulikuwa na wakubwa wake, na neno la mganga wa mvua au mwonaji liliweza kuvuka mipaka ambayo mzee wa ukoo hakuivuka.

Wajerumani walikuwa wamejenga boma lao Kilimatinde, katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Mwaka 1898 utawala wao ulianza kutoza kodi ya kibanda. Kodi hiyo, pamoja na kazi za kulazimishwa, ilizaa chuki vijijini, na hapo ndipo Liti anapoingia katika historia. Mwaka unaotajwa zaidi katika habari za upinzani wa Wanyaturu ni 1908.

Kwa mujibu wa masimulizi, askari walipokaribia, Liti aliwaamuru nyuki nao wakatoka makundi kwa makundi na kuwashukia wavamizi. Askari waliofunzwa kusimama imara mbele ya mishale na mikuki walitupa nidhamu na kutawanyika. Bunduki ilikuwa na nguvu gani juu ya adui asiyeweza kulengwa?

Je, dawa ya Liti ilifanyaje kazi? Swali hilo limegawa watu tangu zamani. Wapo wanaoamini kwamba alikuwa na uwezo wa mizimu, na kwamba nyuki walimtii kama ng'ombe wanavyomtii mchungaji. Wapo pia wanaoiona habari nzima kuwa ngano ya kuwafariji walioshindwa.

Kati ya kambi hizo mbili ipo njia ya tatu, nayo inaanzia mtini, mahali mzinga unapotundikwa. Singida ni nchi ya asali. Mizinga ya magogo imetundikwa katika misitu na vichaka vyake kwa vizazi vingi, na anayeishi karibu nayo hujifunza tabia za nyuki tangu utotoni.

Nyuki wa Afrika ni wakali katika kulinda mzinga. Hughadhibishwa na kishindo, na nyuki mmoja anapouma huacha harufu ya hatari, inayofanana na ile ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzake kuja kuuma pale pale. Moshi huifunika harufu hiyo, ndiyo maana mrina asali hubeba kijinga cha moto.

Kwa hiyo, anayejua mizinga ilipo, saa ya kuitibua na njia atakayopita adui, anaweza kuwageuza nyuki kuwa jeshi bila kuwatamkia neno. Kama Liti alitumia maarifa hayo, uganga wake haupungui hadhi hata kidogo. Kwa jamii yake, kuujua msitu na kusema na mizimu ya msitu hayakuwa mambo mawili yaliyotengwa.

Kwamba nyuki wanaweza kuvuruga jeshi kulithibitika pia katika vita vya Tanga. Novemba 4, 1914, jeshi la Waingereza lililotoka India lilipokuwa likipigana na Wajerumani mjini humo, nyuki waliotibuliwa walitoka mizingani na kuwauma askari. Waingereza wakashindwa, na kwao zikaenea habari kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega nyuki kwa makusudi. Nyuki hao hao, hata hivyo, waliwauma askari wa pande zote mbili.

Jambo hilo lina funzo. Wazungu waliocheka uganga wa Waafrika waliumwa na nyuki siku moja tu, nao wakatafuta mkono uliowatuma.

Habari ya Liti hueleweka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya ile ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro Agosti 4, 1905, mwanzoni mwa Vita vya Majimaji. Dawa ya Kinjekitile iliahidi kwamba risasi zingegeuka maji, nayo ilikuwa na masharti yake. Mpiganaji alipoanguka, wenzake waliweza kusema kwamba alikuwa amevunja mwiko.

Dawa ya Liti haikuahidi kuuzuia mwili usitobolewe na risasi. Iliahidi kwamba nchi yenyewe, pamoja na miti yake na wadudu wake, ingempiga mgeni, na mwiba wa nyuki ulionekana na kila mtu.

Lakini dawa zote mbili zilifanya kazi moja ambayo hakuna risasi iliyoweza kuizuia: ziliwaunganisha watu waliokuwa hawana jeshi wala amiri mmoja. Aliyeamini kwamba nyuki wako upande wake alipata sababu ya kutokimbia, na sababu ya kumwamini jirani wa ukoo mwingine.

Masimulizi ya Wanyaturu yanamalizia kwa Liti kuuawa na Wajerumani. Utawala wao uliendelea hadi ulipong'olewa katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini jina lake halikuzikwa. Mtafiti Marguerite Jellicoe alichapisha makala kuhusu upinzani wa Wanyaturu mwaka 1969, yaani wakati ambapo waliosikia habari hizo kwa wazazi wao walikuwa bado hai.

Tangu hapo wazee wengi wameondoka na maelezo yao. Jina kwenye lango la uwanja ni heshima kubwa, lakini jina halielezi mzinga ulitundikwa wapi, nani alipeleka habari usiku, wala nani alibaki kumzika. Hayo yanaweza kutoka kwa wajukuu pekee, na kila mwaka unaopita huwapunguza.