Edward Tolman: Aliyeona ramani ndani ya kichwa cha panya

HEBU fikiria hili, kijana. Kila asubuhi unabebwa na bodaboda kutoka nyumbani hadi steji. Wewe umekaa tu nyuma, mawazo yako yako kwingine. Hakuna anayekufundisha njia, wala hakuna anayekupa zawadi ukiijua. Halafu siku moja bodaboda wanagoma. Unaanza kutembea ukidhani utapotea, lakini wapi! Unapita hapa, unakata kona pale, mara umefika. Kumbe njia uliijua kitambo.

Sasa jiulize: uliijua lini? Na hayo maarifa yalikuwa wapi siku zote ambazo hukuyatumia?

Karibu miaka 100 iliyopita, swali la aina hii lilimshika mwanasaikolojia Mmarekani aitwaye Edward Chace Tolman. Jibu lake lilisaidia kufungua njia ya kile ambacho wanafunzi wa ualimu na saikolojia leo wanakiita nadharia ya utambuzi. Kwa lugha rahisi, nadharia hiyo inasema kwamba ukitaka kumwelewa mtu, usitazame tu anachofanya. Uliza pia anajua nini, anakumbuka nini na anatarajia nini.

Tolman alizaliwa Aprili 14, 1886 katika mji wa West Newton, jimbo la Massachusetts. Baba yake aliendesha kiwanda. Mama yake alitoka katika jamii ya Wakweka, waumini wanaopinga vita, ambao huku Magharibi mwa Kenya tunawajua kwa kanisa lao la Friends. Edward alikulia kwenye nyumba ya watu wachapa kazi, na mapenzi ya amani hayakumtoka maisha yake yote.

Alikuwa na kaka, Richard, aliyekuwa moto katika sayansi. Edward naye alijiunga na chuo cha MIT akasomea kemia ya umeme, akamaliza mwaka 1911. Lakini hakutaka kuishi akishindana na kaka yake. Alikuwa amesoma vitabu vya mwanafalsafa William James, akavutiwa na habari za akili ya binadamu. Basi akageuza njia, akaenda Harvard kusomea saikolojia, na kufikia 1915 alikuwa na shahada ya uzamifu. Kwa hivyo wewe unayewaza kubadilisha kozi usijione wa kwanza.

Kazi yake ya mwanzo haikuisha vizuri. Alifundisha katika chuo kikuu cha Northwestern, na mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa, akafutwa. Yeye mwenyewe aliamini kwamba msimamo wake wa kupinga vita ulichangia. Mwaka huo huo akahamia California, katika chuo kikuu cha Berkeley, na huko ndiko alikojenga jina.

Ili uone ukubwa wa alichofanya, ni lazima ujue hali ilivyokuwa. Tangu 1913, John Watson alikuwa amewashawishi wanasaikolojia wengi wa Marekani waache kabisa kuzungumza juu ya akili. Akili haionekani, walisema, kwa hivyo si kitu cha sayansi. Kinachoonekana ni tabia: kichocheo kinakuja, mnyama anaitikia, akipata tuzo anarudia. Kwao, kujifunza kulikuwa kama kukanyaga nyasi mara nyingi mpaka kijia kitokee. Zaidi ya hapo hakuna kitu.

Tolman hakuitupa nadharia hiyo yote. Alikubali kwamba mwanasayansi apime tabia inayoonekana. Ila alikataa kwamba ndani ya kichwa hamna kitu. Mwaka 1932 alitoa kitabu kikubwa akieleza kwamba wanyama na watu hutenda kwa kusudi. Na unajua kitabu hicho alimtunukia nani? Panya mweupe wa maabara! Si mzaha mtupu, kwa sababu panya ndio waliomshindia hoja.

Jaribio linalojulikana zaidi alilitoa mwaka 1930 pamoja na mwenzake, Honzik. Walitengeneza njia yenye kona 14. Kila kona ina pande mbili, upande mmoja unaendelea mbele, wa pili umezibwa. Panya waligawanywa makundi matatu, na kila siku kila panya alipitishwa mle mara moja. Kundi la kwanza lilikuta chakula mwisho wa njia kila siku. Kundi la pili halikukuta kitu. Kundi la tatu halikukuta kitu kwa siku 10, kisha siku ya 11 chakula kikawekwa.

Kwa siku hizo 10, kundi la tatu lilionekana kama la wazembe. Panya walizurura, wakaingia kwenye njia zilizozibwa, wakarudi. Mwalimu mkali angewaandikia kwenye ripoti kwamba hawajitahidi. Lakini baada ya kukuta chakula mara moja tu, siku iliyofuata makosa yao yalishuka ghafla, wakawa sawa na wale waliolishwa tangu mwanzo, hata wakawapita kidogo.

Hapo ndipo penye utamu. Kama kujifunza kunaletwa na tuzo, wangehitaji siku nyingi kufika hapo. Kumbe walikuwa wakijifunza siku zote wakizurura, ila hawakuwa na sababu ya kuonyesha. Tolman akatenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya: kujua, na kuonyesha kwamba unajua.

Miaka ya 1940 yeye na wenzake walikwenda mbele zaidi. Panya walizoeshwa kufuata njia ya kuzunguka hadi kwenye chakula. Kisha njia hiyo ikafungwa, na mahali pake zikawekwa njia nyingine nyingi zilizotawanyika kama miale ya jua. Panya hawakung'ang'ania njia zilizo karibu na ile ya zamani. Njia iliyopendwa kuliko zote ni ile iliyoelekea moja kwa moja upande wa chakula. Kwa Tolman, hii ilimaanisha kwamba panya hakukariri kona tu. Alikuwa na picha ya eneo zima kichwani. Mwaka 1948 akaandika makala maarufu akiiita picha hiyo ramani ya utambuzi.

Makala hayo hayakuishia kwa panya. Tolman aliona kwamba ramani ya kichwani inaweza kuwa pana au nyembamba. Mnyama akisukumwa sana na njaa, au akikatishwa tamaa mno, ramani yake hubana. Huona kijia kimoja tu. Na watu ni vivyo hivyo, alisema: hofu na hasira zikitubana, tunaanza kuwachukia wageni na kuwalaumu wasio na hatia.

Mwaka mmoja tu baadaye, jambo hilo likamfika mlangoni. Marekani ilikuwa imejaa hofu ya ukomunisti. Mwaka 1949 wakuu wa Chuo Kikuu cha California wakaamuru wafanyakazi waape kwamba wao si wakomunisti. Asiyetia sahihi, kazi hana. Tolman hakuwa mkomunisti, na sahihi ingemchukua dakika moja tu. Alikataa. Aliona kwamba chuo kinachompima mwalimu kwa imani yake ya siasa hakiwezi kuwaacha watu wafikiri kwa uhuru.

Hapa pia tazama busara yake. Hakuwasukuma vijana wafuate nyayo zake. Walimu wachanga wenye familia aliwashauri watie sahihi, vita wawaachie wazee kama yeye wanaoweza kumudu hasara. Agosti 1950 walimu 31 waliokataa walipigiwa kura ya kufutwa, naye akiwa mmoja wao, umri miaka 64. Kesi ikaenda mahakamani kwa jina lake. Oktoba 1952, Mahakama ya Juu ya California ikaamua warudishwe kazini.

Tolman alifariki Novemba 19, 1959. Mwaka huo huo Berkeley, chuo kilichokuwa kimemfuta, kilimpa shahada ya heshima. Hakuishi kuona hoja yake ikipata nguvu mpya. Mnamo 1971 John O'Keefe na mwenzake waliripoti kwamba kwenye ubongo wa panya kuna seli zinazowaka mnyama anapokuwa mahali fulani. Mwaka 2014 O'Keefe, pamoja na May-Britt na Edvard Moser, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi ubongo unavyojua mahali ulipo. Ile ramani ambayo wengi waliiona kama hadithi ilikuwa na makao ndani ya ubongo.

Wewe unabeba nini kutoka hapa? Kwanza, usijihukumu kwa matokeo ya leo peke yake, wala usimhukumu mdogo wako kwa ripoti moja. Huenda anayajua mengi ambayo hajapata sababu ya kuyaonyesha. Lakini usisahau kwamba wale panya walitembea. Kwa siku 10 bila tuzo waliingia kila kona, na aliyelala kwenye kizimba hakupata ramani.

Pili, hofu ikikubana, iwe ya mtihani, ya kukosa kazi au ya kuchekwa na marafiki, kumbuka kwamba ndiyo inayokuonyesha kijia kimoja. Tulia kwanza, kisha tazama tena. Njia nyingine huenda unaijua tayari.