Mwenda Jean Bosco: Gitaa la Lualaba lililovuka mipaka

Wengi wanaijua Lualaba kwa shaba na kobalti ya Kolwezi au manganisi ya Kisenge. Mkoa huo wa Kongo ndio pia uliomzaa Mwenda Jean Bosco, mmoja wa wapiga gitaa mashuhuri zaidi barani Afrika.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya Wayeke. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, leo Likasi. Hapakuwa na bendi wala umeme kwenye gitaa. Kwa kidole gumba na cha shahada, Mwenda alipiga besi na sauti ya juu kwa pamoja, kana kwamba wapigaji ni wawili. Wimbo wake Masanga, wa Kiswahili, ulishinda tuzo ya Osborn mwaka huohuo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakafuata mtindo wake. Mwaka 1969 alitumbuiza katika tamasha la Newport, Marekani.

Alirekodi tena Cape Town mwaka 1988. Miaka miwili baadaye, Septemba 1990, alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.